Rangi ya Kumlaza Ferdinand

Geneviève aliketi kwenye kizingiti cha jikoni, majani ya muhogo ya kupika sombe yakiwa mapajani, asithubutu kuyatwanga. Kinu kilikuwa mbele yake na mchi umelala chini. Aliyachambua majani polepole na kuyararua kwa vidole, lakini masikio yake yote yalikuwa chumbani.

Kitanda kililia. Kikanyamaza. Kikalia tena.

Ferdinand, mume wake, alikuwa amerudi kutoka stesheni alfajiri. Alioga, akala wali wa jana na kipande cha samaki, akajilaza. Sasa jua lilikuwa limesimama juu ya mabati ya kambi ya reli, na bado alikuwa anageuka huku na huku kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha kitandani. Ndivyo alivyokuwa tangu mvua zilipoanza, tangu wakubwa walipompa kazi ya usiku. Mganga wa zahanati alimpa vidonge, lakini vidonge hivyo havikujua mchana na usiku: nyumbani vilimwacha macho wazi, kazini vikamtia usingizi. Akavitupa.

Jirani yao Riziki alipita kando ya nyumba akiwa na sufuria kichwani. Nyumba za kambi zilijengwa mbili mbili, mgongo kwa mgongo, na ukuta wa Riziki ndio uliokuwa ukuta wa Geneviève. Riziki alikuwa mwanamke wa Pangi, mkubwa kwa umri, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Lakini siku hizo alikuwa akinong'ona.

"Mudogo wangu, shemeji iko analala?"

"Hapana, yaya," Geneviève alijibu, kama mtu anavyomwita dada mkubwa.

"Hata kidogo?"

"Alifumba macho. Halafu akaniuliza nani amepita mlangoni. Hakuna aliyepita."

Riziki alitua sufuria. "Mimi leo nimetwanga kule mwisho, karibu na vyoo vya kambi. Wanawake wakanicheka: Riziki, unatafuta ladha gani huku? Nikawaambia, ngojeni iive, mtakuja kulamba." Alicheka bila sauti, mabega yakitikisika, kisha akaacha ghafla. "Lete majani yako nikutwangie huko huko."

Geneviève alimpa. Alitaka kumshukuru, lakini maneno yalikwama kama kawaida yake, akainamisha kichwa tu. Alijua kwamba Riziki hakuhamisha kinu chake kwa ajili ya ujirani peke yake.

Mabehewa ya treni ya asubuhi yalipangwa usiku pale Kindu, mahali reli inapoishia na mizigo ya mashua za mto Lualaba inapopakuliwa. Ferdinand alikuwa mtu wa kugeuza reli na kushika taa; dereva wa mashine, kile kichwa cha treni, hakuona kitu gizani ila taa hiyo. Na mtu aliyeingia katikati ya mabehewa mawili, akainama kufunga minyororo, alikuwa Tambwe, mume wa Riziki. Wiki iliyotangulia Ferdinand alisinzia akiwa amesimama. Mkono wake ukageuza taa wenyewe. Mashine ikasukuma, Tambwe akiwa bado ndani. Aliruka, behewa likachukua kofia yake na kipande cha mkono wa shati.

Mkubwa wa stesheni alimwita Ferdinand ofisini na kumwambia kwamba mara ya pili atarudi kwao Tunda akalime mpunga. Kazi ya mchana aliyoomba hakupewa. Lakini nyumbani Ferdinand hakuzungumza habari ya mkubwa wala ya Tunda. Alizungumza habari ya kofia. "Ilikuwa bapa, Geneviève. Bapa kama chapati."

Tambwe mwenyewe alicheka. Kofia ilikuwa kuukuu, alisema, na kichwa chake kilikuwa kinataka hewa. Riziki ndiye aliyehamisha kinu.

*

Mara nyingi mchana wanawake wa kambi walikwenda foyer, nyumba ya mafunzo iliyojengwa karibu na soko, ambako walishona, walijifunza kupika keki, na kuonyeshwa namna ya kumwogesha mtoto asiye mtoto bali mwanasesere. Mwalimu alikuwa Madame Hortense, Mbelgiji mwembamba aliyevaa viatu vya visigino hata wakati wa matope. Siku ile alikuwa amebandika ubaoni vipande vya kitambaa vya rangi mbalimbali.

"Rangi inaingia machoni," alisema kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama rula, "halafu inashuka moyoni. Ukuta si ukuta tu. Ukuta unasema na wewe siku nzima, na wewe hujui."

Wanawake walitazamana. Madame alikigusa kipande cha manjano: hiki kinaleta furaha na njaa nzuri, kinafaa mahali pa kulia chakula. Buluu inapoza, kama maji. Kijani inapumzisha macho, kwa sababu macho ya binadamu yamezoea majani tangu mwanzo. Mgonjwa akiwekwa katika chumba cha kijani anapona upesi. Alipofika kwenye nyekundu alikunja uso. Nyekundu inachemsha damu. Inaleta ugomvi na haja ya kukimbia. Kupaka chumba cha kulala nyekundu ni kuwasha moto chini ya kitanda.

"Madame," Pélagie aliuliza kutoka nyuma, "na rangi ya kumzuia bwana asiende kunywa iko wapi?"

"Hiyo njo rangi ya mlango uliofungwa kwa ufunguo," mwingine akajibu, na chumba kizima kikalipuka. Hata Madame alitabasamu.

Geneviève hakucheka. Alikuwa akitazama vile vitambaa kwa hamu iliyomtia aibu. Alikuwa amesoma kwa masista mpaka akapata cheti, na huko alijifunza mambo mengi mazuri ambayo hayakumsaidia kumlaza Ferdinand. Sasa hapa palikuwa na jambo ambalo hakulijaribu. Chumba chao kilikuwa na chokaa nyeupe ya kambi, na adhuhuri mwanga ulipopenya mwanya wa dirisha ukuta mzima uliwaka. Nani angelala ndani ya mwanga kama huo?

Wanawake walipotoka, Madame alimwita. "Geneviève, wewe unajua Kifaransa, mikono yako ni safi, na hupigi kelele. Ninatafuta mtu wa kunisaidia kufundisha. Nitakuja kuiona nyumba yako Alhamisi ya wiki ijayo. Ikiwa nzuri, nitawaleta wengine waione, na wewe utakuwa mwalimu pamoja nami."

Geneviève alishika ukingo wa kitambaa chake. Alilitaka jambo hilo. Alilitaka tangu siku ya kwanza alipoingia pale, na hakumwambia mtu ila Ferdinand. Aliinama mara mbili, akatoka nje karibu anakimbia. Njiani alisahau habari ya ualimu kabisa. Alikuwa akiwaza buluu.

*

Aliipata kwa werevu wake mwenyewe. Alinunua unga wa buluu, ule wa kufulia nguo nyeupe, akauchanganya na chokaa na maji ndani ya ndoo, mpaka rangi ikawa kama anga baada ya mvua. Jioni, Ferdinand alipokwenda kazini, alipaka kuta zote kwa ufagio mdogo. Alfajiri chumba kilikuwa kizuri mno. Alisimama katikati akiwa amekumbatia mikono, akavuta pumzi, akahisi kweli kwamba kifua chake kimepoa.

Ferdinand alilala ubavu, mgongo ukiwa umeegemea ukuta. Alisinzia kidogo, akazinduka, akageuka upande wa pili, akarudi. Jioni alivaa shati jeupe juu ya mgongo ule na kwenda stesheni, na kesho yake asubuhi Tambwe alimsindikiza mpaka mlangoni akiwa anafuta machozi ya kicheko.

"Shemeji Geneviève! Umetuoshea bwana au umetupaka? Usiku mzima tumefanya kazi na mutu wa buluu! Dereva ameuliza kama ni ndege."

Ferdinand aligeuka. Mgongo wa shati ulikuwa na wingu la buluu kutoka shingoni mpaka kiunoni.

"Hukutia wanga," Riziki alimwambia baadaye. "Chokaa tupu haishiki. Tia uji wa muhogo, mwepesi, njo itashika."

Lakini Geneviève aliona kwamba kosa halikuwa la wanga peke yake. Buluu ilipokauka ilififia, na adhuhuri iling'aa karibu sawa na ile nyeupe. Alimweleza Madame habari hiyo kwa maneno machache, akiangalia sakafu, bila kutaja shati. Madame alifurahi kwamba kuna mwanafunzi aliyeshika somo. Alimpa debe lililobaki nusu, rangi ya mafuta iliyopakwa kwenye madirisha ya foyer. Kijani.

Ilikuwa rangi ya kweli, nzito kama asali. Geneviève alipaka ukuta unaotazamana na kitanda na ule wa pembeni, akiacha dirisha wazi harufu itoke. Kijani kile hakikuwaka. Kilimeza mwanga. Chumba kikawa kama mahali penye kivuli msituni, na Geneviève, aliyekuwa hajalala vizuri naye, aliketi kitandani na kuhisi kope zake zikiwa nzito.

Mchana ule Ferdinand hakugeuka huku na huku. Alinyamaza muda mrefu, hata Geneviève, nje, akaanza kutabasamu peke yake. Kisha akasikia miguu ikigonga sakafu.

Alimkuta amesimama katikati ya chumba, mkono mmoja umeinuliwa hadi usawa wa sikio, jasho likimtiririka.

"Nani amepita?"

"Hakuna, Ferdinand. Ni mimi tu."

"Kitu kimepita," alisema. Aliutazama mkono wake, akaushusha.

Ikawa hivyo kesho yake, na siku iliyofuata. Sasa hata ule usingizi mwembamba wa zamani ulikuwa umemkimbia. Alikula akiwa amesimama. Alikwenda mlangoni akarudi, akaenda tena. Alimkaripia Geneviève kwa sababu ya kijiko, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kisha akamwomba radhi kwa sauti iliyokatika. Na Geneviève akazidi kusafisha. Alisugua ukuta kwa kitambaa chenye mafuta ya mawese ili kijani kizidi kuwa laini. Alitundika pazia la kijani. Akaweka majani ya mgomba ndani ya chupa karibu na kichwa cha mume wake. Ikiwa kijani kinapumzisha, alifikiri, basi labda hakijatosha.

Riziki alichungulia akaona majani. "Mudogo wangu, unamlisha mbuzi?"

Lakini macho yake hayakucheka. Alisimama akishika mwimo wa mlango. "Jana Tambwe amenena," alisema. "Unamjua Tambwe, hasemi. Amesema kila akiinama kati ya mabehewa, anaangalia kwanza kama shemeji iko amesimama ao iko ameegemea. Kama ameegemea, anangoja. Na wakubwa wanamupigia kelele kwamba anachelewa." Akauachia mwimo. "Mimi sikulaumu. Nakuambia tu."

Geneviève alisogea akamshika mkono. Walikaa hivyo, mkono katika mkono, na ndani kitanda kikalia.

*

Siku mbili kabla ya Alhamisi, Ferdinand aliondoka mapema bila kula. Geneviève alifunga wali na sombe ndani ya jani, akavaa kitambaa cha kichwa, akaenda stesheni. Hakupenda kwenda kule. Palikuwa na wanaume wengi na kila mmoja alikuwa na la kusema.

"Mama Rangi amefika!" Tambwe alipaza sauti akiwa juu ya behewa la pamba. "Ficheni mashati!"

Wapakiaji walicheka. Geneviève alishusha macho na kupita. Jua lilikuwa limeshaingia ng'ambo ya mto na moshi wa mashine ulikuwa umeshusha giza mapema uwanjani. Ferdinand alikuwa mahali pake, karibu na chuma kirefu cha kugeuzia reli. Taa ilikuwa mkononi, imewashwa. Alimwashiria asimame kando angoje.

Kwa hiyo alisimama, na kwa kuwa hakutaka kuwatazama wanaume, alimtazama mume wake.

Taa ile ilikuwa na vioo viwili vya kugeuzwa. Ferdinand aliiinua hadi usawa wa sikio, na kioo kilichowaka kilikuwa kijani. Pale pale mashine ikajibu kwa mluzi. Mabehewa yakagongana moja baada ya jingine, ardhi ikatetemeka, na chuma chote kile kikaanza kutembea. Ferdinand alikuwa amesimama kwa ncha za vidole. Shingo yake ilikuwa imekakamaa, macho yamepanuka, midomo inahesabu kitu. Kila alipomtazama, Geneviève aliona mwili wa mume wake wote ukivutwa mbele, kana kwamba naye alikuwa amefungwa kwenye mnyororo.

Kisha akageuza kioo. Nyekundu. Mashine ikapiga breki, ikalia, ikatulia. Mabehewa yakagusana na kunyamaza. Na katika ukimya ule Ferdinand alishusha visigino chini. Mabega yakashuka. Akapumua mdomo wazi. Tambwe alitelemka kutoka juu ya behewa, akainama, akaingia kati ya vyuma viwili vilivyosimama, akafanya kazi yake bila haraka, huku akipiga mluzi.

Geneviève aliacha kile kifurushi cha wali kilale upande, mchuzi ukimdondokea mguuni.

Alingoja mpaka Ferdinand alipopata nafasi ya kula. Waliketi juu ya magogo ya reli. Kuuliza swali kulimgharimu, kwa sababu aliogopa jibu.

"Taa ikiwa nyekundu, unasikia nini?"

"Nasikia nini?" Alitafuna. "Sisikii kitu. Njo uzuri wake. Hakuna kinachotembea. Tambwe akiwa ndani, mimi nakuwa kama mutu aliyefika nyumbani."

"Na kijani?"

"Ah, kijani mutu hawezi kukaa! Kijani ni njia wazi. Kijani kikiwaka, kuna milima ya chuma inatembea, na mimi njo nimeiambia itembee, na sijui nani iko karibu na..."

Aliacha. Tonge la wali lilibaki katikati ya vidole.

"Kumbe," Ferdinand alisema.

"Nisamehe."

Akaanza kucheka, kicheko kidogo cha mtu aliyechoka mno. "Bibi yangu umenilaza ndani ya taa. Tena umeongeza na majani ya mgomba."

Mkubwa aliita. Ferdinand alisimama, akapangusa mikono kwenye suruali, na kicheko kikamtoka usoni. "Usiguse kitu sasa. Madame anakuja keshokutwa. Chumba kimependeza, acha akione. Mimi nitajikaza."

"Utajikaza namna gani?"

Alikuwa ameshashika taa.

*

Geneviève alirudi nyumbani akiwa amegawanyika. Kila alichojifunza kilisema hapana. Masista walivaa nyeupe na buluu. Madame alikuwa amesema moto chini ya kitanda, na Madame alikuwa amesoma vitabu. Na ikiwa Madame alisema kweli? Ikiwa nyekundu ingemchemsha damu Ferdinand, yeye ambaye sasa alikuwa anakaripia kwa ajili ya kijiko? Kulikuwa na usiku mchache wa kubahatisha, labda mmoja tu.

Lakini kila alipofumba macho aliona visigino vikishuka chini.

Kulipopambazuka alikwenda kwa Riziki. Alimwambia yote kwa mara moja, haraka, kabla ya kuona haya. Riziki alisikiliza akiwa ameshika ufagio.

"Nyekundu," alisema. "Sasa mbona unaogopa? Kwetu Pangi, mwanamke akizaa anapakwa ngula, nyekundu mwili mzima, anawekwa ndani. Hakuna wa kumutuma maji, hakuna wa kumugombeza. Kazi yake ni kulala na kula. Mimi nilipakwa mara nne. Sijawahi kulala vile tena." Akatupa ufagio. "Madame hakuzalia kwetu. Lete ndoo."

Ferdinand aliporudi kutoka kazini walimhamishia upande wa pili wa ukuta, kitandani kwa Tambwe, aliyekuwa anakoroma kama mashine inayopanda mlima. Wao wakaenda pale barabara ya Kalima ilipokata kilima, mahali udongo ni mwekundu kama nyama, wakajaza ndoo na kubeba. Walichuja udongo kwa kitambaa, mara ya kwanza mawe, mara ya pili mchanga, mpaka ukabaki ute laini. Riziki alipika uji mwepesi wa muhogo na kuumimina ndani. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Rangi ya mafuta ilikataa. Udongo uliteleza juu ya kijani na kushuka sakafuni kwa michirizi.

"Kitu cha Wazungu kigumu," Riziki alisema.

Ilibidi kukwangua. Walivunja tofali, wakachukua vipande na kusugua ukuta kwa mchanga na maji, na mkono wa Geneviève, ule ambao Madame aliusifu kuwa safi, ukachubuka vifundo. Kwa kila alama ya kijani iliyokwanguliwa alijua anakwangua kitu kingine pia. Aliendelea. Upande wa pili waliisikia sauti ya Ferdinand: "Mnafanya nini huko?"

"Tunaua mende!" Riziki akajibu. "Lala!"

Jioni ukuta unaotazamana na kitanda ulikuwa mwekundu, ule wa pembeni pia, na pazia na majani ya mgomba yalikuwa yametolewa nje. Haukuwa wekundu wa kioo cha taa. Ulikuwa wekundu wa ardhi, mzito, unaofifia kidogo mahali ulipoanza kukauka. Geneviève aliutazama. Hakuhisi kupumzika hata kidogo. Alihisi kama mtu aliyeacha maziwa jikoni na kwenda mbali.

*

Alhamisi Ferdinand alirudi akiwa na uso wa majivu. Alisimama mlangoni mwa chumba na taa ya kazi bado mkononi. Geneviève alikuwa nyuma yake. Hakuweza kumwona uso, aliona mgongo tu.

Ferdinand aliweka taa chini. Aliketi ukingoni mwa kitanda akielekea ukuta, akavua kiatu kimoja.

"Mashine imesimama," alisema.

Alibaki akitazama, kiatu mkononi. Hakuvua cha pili. Alianguka ubavu polepole, kama gunia lililotuliwa na watu wenye adabu, miguu ikabaki sakafuni. Geneviève alingoja. Aliogopa kusogea. Mwishowe alipiga magoti, akamvua kile kiatu, akainua miguu mmoja baada ya mwingine na kuiweka kitandani. Ferdinand hakuuliza nani amepita.

Alikuwa bado katika usingizi ule ule jua lilipopanda na visigino vya Madame viliposikika kwenye kokoto za kambi.

"Geneviève! Bonjour! Ah, lakini uwanja safi kabisa!"

Sauti ya Madame ilijaa nyumba. Alisifu vitambaa vilivyofumwa juu ya viti, alisifu meza, alisifu manjano ambayo Geneviève alikuwa amepaka kidogo mahali pa kulia. Alizungumza kama anavyozungumza darasani, ili hata walioketi nyuma wasikie. Geneviève alimfuata akiwa amekunja mikono iliyochubuka ndani ya kitambaa. Mlango wa uwani ulikuwa wazi, na nje Riziki alikuwa amesimama na bakuli mikononi, hasogei.

"Na sasa, chumba cha kijani!"

Madame alisukuma mlango kabla hajazuiwa. Alisimama.

"Lakini hii ni nini? Geneviève! Nyekundu? Nilifundisha nini? Nilifundisha..."

Ferdinand alisogeza mkono juu ya shuka.

Geneviève hakujua baadaye miguu yake ilimpelekaje. Alijiona yuko kati ya Madame na kitanda, mkono wake umeshika mlango, na uso wa Madame uko karibu kuliko alivyowahi kuuona.

"Madame, tafadhali. Sauti chini."

Uwani Riziki alizuia pumzi. Hakuna mwanamke wa kambi aliyekuwa amewahi kumwambia Mzungu neno kama hilo.

"Unaniambia mimi?"

"Ndiyo, Madame. Analala." Geneviève hakuuachia mlango. "Usiku anashika taa stesheni. Kuna mtu anaingia katikati ya mabehewa. Mke wake ndiye yule. Bwana wangu akisinzia tena, mtu huyo anakufa. Kijani kinamwambia atembee, Madame. Ni kazi yake, imeingia mwilini. Nyekundu ndiyo inamwambia vyote vimesimama."

Madame alitazama uwani, akamwona Riziki na bakuli lake. Alitazama kitanda. Ferdinand alikuwa amegeuka. Uso wake sasa ulielekea ukutani, na kope zake zilitikisika. Wote watatu waliganda. Madame alikuwa ameinua kisigino kimoja na hakukishusha.

Ferdinand alivuta pumzi ndefu, akaitoa. Kope zikatulia.

"Hii ni rangi mbaya kwa chumba cha kulala," Madame alisema. Lakini alisema kwa kunong'ona.

"Ndiyo, Madame."

"Siwezi kuwaleta wengine hapa. Watasema sijui ninachofundisha."

"Najua, Madame."

Madame alibaki kidogo, macho yakimtembea kutoka ukutani mpaka kwa mtu aliyelala na kurudi. Aligeuka, akapita sebuleni kwa ncha za viatu, mkono mmoja umeshika kiti asiyumbe, na hakuita tena mpaka alipofika barabarani. Ualimu ule alipewa Jeannette, mke wa karani.

Geneviève aliuvuta mlango mpaka ukabaki mwanya wa kidole. Alitamani kuketi pale pale sakafuni alie kidogo. Lakini upande wa shule ya misheni kulikuwa kumeanza kelele: watoto wa kambi walikuwa wametoka darasani na walikuwa wanakuja kwa mbio, wakigonga mabati ya kila nyumba kwa fimbo. Riziki alikuwa ameshatupa bakuli na kukimbilia njia ya juu, mikono imetandazwa kuwazuia.

Geneviève akafunga kitambaa vizuri, akakimbilia njia ya chini.